Chuma Kilichotoka Malishoni

Kgosi Mothibedi, chifu wetu uliyekubali kukaa nasi juani, Mheshimiwa Diwani Gasebalwe, Rra Sekgwama, Meneja Mkuu wa Reli ya Mmaseropa, Mchungaji Ntsima, wenzangu wa karakana, wa njia na wa maabara, jamaa wa ukoo wa Galebowe mliotoka Palapye na Serowe, na wewe, Mma Kesupile, uliyeketi safu ya pili upande wa kushoto: nawasalimu wote, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mimi ni Gorata Ramotlhwa. Kwa miaka ishirini na mitano nimesimamia maabara ya vyuma ya reli hii, kile chumba cha mabati ya kijani nyuma ya karakana, ambacho madereva wa treni husema humo tunapika mawe. Nimepewa robo saa ya kumuaga Rra Oteng Galebowe, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja. Jana jioni Rra Sekgwama alinipigia simu. Aliniambia, "Mma, kesho sema mema tu ya mzee. Hayo mengine tutayashughulikia ofisini." Nikamjibu kwamba nitasema mema tu, na kwamba mema yenyewe yamo ndani ya ripoti. Rra, sikukudanganya. Ripoti ninayo mkononi.

Niseme mapema tuko hapa kwa ajili ya nini, ili asiwepo atakayeshangaa baadaye. Mezani pale mnaona cheti cha kustaafu, kimewekwa kwenye fremu nzuri. Rra Galebowe hajakigusa. Amekubali kuja kwa sharti moja: kwamba ripoti ya miaka tisa iliyopita, ile yenye jina lake, isahihishwe na isomwe kwa sauti mbele ya watu, Mma Kesupile akiwa anasikia. Hakuomba kingine. Nilimuuliza mara mbili.

Wenzangu wa reli mniwie radhi, kwa kuwa sasa nitaeleza jambo mnalolijua. Wapo hapa ndugu na majirani waliovuka reli maisha yao yote bila kuhitaji kujua imetengenezwa vipi.

Mahali reli moja inapoikata nyingine lazima pawe na pengo, ili ukingo wa gurudumu upate kupita. Gurudumu linaruka pengo hilo na kutua juu ya ncha ya chuma. Pengo lenyewe halizidi upana wa kiganja. Lakini gurudumu la behewa lililojaa makaa ya mawe linatua pale na karibu tani kumi, na nyuma yake lipo jingine, na jingine. Treni moja ya mgodi ina magurudumu mia mbili kila upande. Kipande hicho chenye ncha ndicho tunachokiita chuma cha makutano. Reli nyingine zinakanyagwa. Hicho kinapigwa.

Kwa sababu hiyo hutengenezwa kwa chuma cha aina yake, chenye manganisi nyingi. Sumaku haikishiki. Kikiwa kipya ni laini, na kadiri kinavyopigwa ndivyo ngozi yake inavyozidi kuwa ngumu, huku ndani kikibaki na ulaini wake, na ulaini huo ndio unaokizuia kuvunjika. Ncha ikilika, tunaijenga upya kwa kuichomelea. Hapo ndipo hatari inapoingia. Reli ya kawaida ukitaka kuichomelea asubuhi ya baridi, sharti uipashe moto kwanza, la sivyo itapasuka. Chuma cha manganisi ukikipasha moto, unakiharibu. Kwa nje hakibadiliki, hakipindi, hakitoi dalili. Lakini ndani, kwenye mipaka kati ya punje na punje, hujijenga utando mweusi, mwembamba, mkavu kama ganda la yai, na siku chuma kitakapopasuka, ufa utaufuata utando huo kama mtu anayeijua njia. Vile vyombo vyetu vya kusikilizia nyufa ndani ya reli havisaidii hapa, kwa kuwa punje za chuma hiki ni kubwa na sauti hupotelea humo. Utando huo unaonekana kwa njia moja tu: ukate kipande, ukisugue mpaka king'ae kama kioo, ukipake tindikali, ukiweke chini ya hadubini. Yaani, unaonekana baada ya chuma kuvunjika.

Sasa nimzungumzie Rra Galebowe. Alichomelea vyuma hivi kwa miaka ishirini na miwili, na hatukuwa na mwingine aliyevijua kama yeye. Alikuwa akichomelea urefu wa kidole, kisha anavua glavu, anaweka kiganja chake kitupu juu ya chuma, shubiri moja kutoka kwenye mshono, na kuhesabu hadi kumi. Mkono ukishtuka kabla ya kumi, anakaa. Anakaa kweli, juu ya taruma, na chupa yake ya chai. Treni inasubiri.

Waliokuwa chumba cha mawasiliano zama hizo wanayakumbuka mazungumzo yao naye ya redio. Mimi niliyasikia siku moja nikiwa pembeni yake.

"Galebowe, umemaliza?"

"Bado."

"Unafanya nini sasa hivi?"

"Nimekaa."

"Nina treni ya mgodi imesimama nyuma yako, na wewe umekaa?"

"Chuma kimeshika joto, mkubwa. Kikipoa nitainuka."

"Si tulikununulia kipima joto?"

"Ninacho. Kinasema nyuzi arobaini. Mkono unasema sabini."

"Na mkweli ni yupi kati ya hao?"

"Kipima joto hakijawahi kuungua."

Kwa kukaa huko alipata barua tatu za onyo. Nimezisoma zote. Ya pili inamwita "mfanyakazi mwenye tabia ya kuketi." Hakuna barua hata moja inayosema kwamba chuma alichokichomelea kiliwahi kuvunjika, na nimetafuta.

Lipo jambo jingine la kueleza, nalo ni desturi ya watu wetu wa njia, ambayo haimo katika kitabu chochote cha kanuni. Treni zilizojaa hutoka mgodini na kupita mahali pa saba, yaani makutano namba saba ya uwanja wetu wa treni. Treni tupu hurudi mgodini kwa kupita mahali pa kumi na tano. Chuma cha saba huchoka haraka. Cha kumi na tano huishi maisha ya raha. Kwa hiyo watu wa njia, kwa akili yao, wakiona Saba amechoka wanamfungua, wanampeleka kumi na tano akapumzike, na yule wa kumi na tano wanamleta saba kufanya kazi. Wanasema wamempeleka chuma malishoni. Kila mmoja wetu ana ng'ombe wake mahali fulani, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Ni desturi nzuri. Imetuokolea vyuma vingi.

Tatizo lake ni dogo. Madaftari yetu huandika mahali. Hayaandiki chuma. Daftari linasema: mahali pa saba, tarehe fulani, pamechomelewa na fulani. Ukikihamisha chuma, maandishi yanabaki palepale. Kila chuma kina namba yake kiliyotoka nayo kiwandani, iko ubavuni, chini, penye grisi na kokoto. Nani aliinama kuisoma?

Miaka tisa iliyopita, tarehe kumi na nne Juni, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, ncha ya chuma mahali pa saba ilivunjika chini ya behewa la thelathini na moja. Mabehewa saba yalianguka. Rra Modiri Kesupile, mtunza pointi, mwenye kazi ya kuzigeuza treni njia, alikuwa amesimama pale kanuni ilipomtaka asimame, mita sita kutoka kwenye reli. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Sitaongeza neno. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawahitaji.

Kipande cha chuma kililetwa maabara siku ya tatu, ndani ya gunia. Nilikikata mwenyewe. Chini ya hadubini nikauona utando mweusi umezunguka kila punje, nikaandika: "Chuma kilizidishiwa joto wakati wa kuchomelewa." Sentensi hiyo ilikuwa sahihi siku ile na ni sahihi leo. Baada yake fomu inauliza: mahali gani? Nikaandika saba. Inauliza: mchomeleaji ni nani? Nikafungua daftari. Mahali pa saba, Mei ya mwaka uliotangulia, O. Galebowe. Nikaandika O. Galebowe.

Nilipokuwa nakikata kile chuma niliiona namba ubavuni. Ilikuwa 4417. Niliiandika katika kitabu changu kidogo, kwa kuwa mimi huandika kila ninachokiona. Katika ripoti sikuiandika, kwa sababu fomu haikuwa na nafasi yake. Ningeweza kuiandika pembeni ya ukurasa. Sikuiandika.

Kikao cha uchunguzi kilikaa katika ukumbi ule pale. Rra Galebowe aliletewa kipande kilichovunjika, akakigeuza, akapitisha kidole pembeni ya mshono. Akasema, "Hiki si changu."

Mwenyekiti akamwambia, "Bila shaka si chako. Vyuma vyote hapa ni vya kampuni." Watu wakacheka.

"Nasema mkono si wangu, Rra. Mimi ni mtu wa kushoto. Mshono huu umevutwa na mtu wa kulia."

"Magurudumu yamepita hapo miezi kumi na mitatu, na bado unauona mkono?"

"Pembeni hapa gurudumu halifiki."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mma Ramotlhwa, hiyo hadubini yako inaweza kumtambua mtu wa kushoto?"

Nikasema haiwezi. Watu wakacheka tena, na mimi nikatabasamu.

Rra Galebowe akasema, "Labda chuma kilihamishwa." Mwenyekiti akaomba daftari. Daftari halikuonyesha uhamisho wowote, na sasa mnajua kwa nini. Yeye mwenyewe hakuweza kuthibitisha, kwa sababu Oktoba iliyotangulia ajali, mwezi ambao mtasikia habari zake, hakuwepo kazini. Alikuwa Serowe akimzika mama yake. Mtu wa kuulizwa alikuwa mnyapara wa njia. Hakuitwa. Hakuna mtu wa njia aliyeitwa.

Alivuliwa kazi ya uchomeleaji. Alikatazwa kuingia uwanja wa treni. Akapewa fyekeo na kipande cha njia kutoka kilomita ya kumi na mbili hadi ya arobaini, akate majani. Na sisi tulimfanya nini? Sisi, ambao humsalimu hata mgeni anayeuliza njia, ambao mtu akipita kimya tunauliza amepatwa na nini, tulijifunza kupishana na mtu huyu tukitazama simu zetu. Kwenye bomba, kanisani, msibani. Mma Kesupile, mjane wa Modiri, anayeishi nyua nne kutoka kwake, hakumsalimu kwa miaka tisa. Hakukosea. Alikuwa ameisoma ripoti yangu.

Mwaka jana mwezi wa Machi mvua zilikuwa nyingi, majani yakaota mpaka katikati ya uwanja, na kwa kuwa wafyekaji hawakutosha, Rra Galebowe alirudishwa humo na fyekeo lake. Siku ya pili alifika mahali pa kumi na tano. Akaondoa majani na udongo ubavuni mwa chuma, akauona mshono wa mtu wa kushoto.

Alikuja maabara mchana uleule, miguu ina matope. Hatukuwa tumezungumza kwa miaka minane hivi. Alisimama mlangoni.

"Dumela, Mma."

"Dumela, Rra. Karibu ndani."

"Hapa panatosha. Kile kipande ulichokikata mwaka ule, kilikuwa na namba gani?"

Nikamwambia, "Ripoti haikutaja namba, Rra. Fomu haina nafasi."

"Sikuulizi fomu. Nakuuliza wewe."

Nilifungua droo. Kitabu kilikuwepo, chini ya vingine kumi na vinne. Nikamsomea: 4417.

Akasema, "Basi changu ni 3862. Kiko kumi na tano. Asubuhi hii kimekanyagwa nikiwa nakitazama."

Sikumwamini papo hapo, na ninamheshimu kwa kutonitaka nimwamini. Nilikwenda bohari. Kadi ya bohari inasema chuma 3862, kilipokuwa kipya, kilifungwa mahali pa saba. Kilifikaje kumi na tano? Na 4417 kilichomelewa na nani?

Swali la pili lilijibiwa na jalada la kikosi cha wageni. Wenye kumbukumbu mtakumbuka kwamba Julai ya mwaka uliotangulia ajali kazi ilituzidi, wakaletwa wachomeleaji kutoka ng'ambo ya mpaka kwa wiki tatu. Wageni hawa hawakuzijua namba zetu za mahali. Kwa hiyo walifanya jambo ambalo sisi hatukuwahi kulifanya: waliinama, wakafuta grisi, wakaandika namba ya chuma. Karatasi yao inasema hivi: "Chuma 4417. Baridi nyuzi mbili, umande umeganda. Kimepashwa moto kabla ya kuchomelewa." Walikitendea kama reli ya kawaida. Walifanya walichofundishwa, wakaandika walichofanya, na karatasi yao ikakaa katika jalada letu bila kusomwa.

Swali la kwanza lilihitaji mtu. Aliyekuwa mnyapara wa njia mwaka ule ni Rra Phefo Molatlhwa, ambaye afya haikumruhusu kuwa nasi leo. Wengi mnajua kwamba Rra Molatlhwa ni mjomba wa marehemu Modiri, ndugu wa mama yake, aliyesimama kaburini kwa niaba ya upande huo. Sasa mnaelewa kwa nini Rra Galebowe hakuweza kuingia ua wake kumuuliza lolote. Angeingia vipi? Angesema nini mlangoni?

Tulikwenda wote wawili, mimi nikitangulia. Tulimkuta kwenye ng'ombe wake, nyuma ya kilima cha Tswapong. Aliniitikia salamu. Mwenzangu hakumwitikia. Nikauliza moja kwa moja.

"Rra, mwaka ule kabla ya ajali, mliwahi kumhamisha Saba?"

"Saba alikuwa mgonjwa kila mwaka."

"Mwaka ule je?"

"Oktoba. Jumapili, njia ilikuwa imefungwa. Tulimpeleka malishoni, tukamleta wa kumi na tano."

"Mbona hukusema kwenye uchunguzi?"

"Nani aliniuliza? Walikuja watu wenye tai, wakaongea na watu wenye tai."

"Lakini ulijua kwamba chuma kilichovunjika kilitoka kumi na tano."

"Nilijua. Na mlisema Oteng ndiye aliyekiunguza. Mimi nilijua ni Oteng anayechomelea vyote, cha saba na cha kumi na tano. Ingekuwa na tofauti gani kilitoka wapi?"

"Cha kumi na tano kilichomelewa na wale wageni, Rra."

"Wageni gani?"

Alikuwa upande wa mgodini wiki zile tatu. Hakuwaona. Alimtazama ndama mmoja aliyekuwa akichechemea. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Oteng, mbona hukunijia?"

Rra Galebowe akamjibu, "Nilidhani unajua, na umeamua kunyamaza."

"Na mimi nilidhani umefanya, na huna aibu."

Hayo ndiyo yote waliyosemezana. Baadaye Rra Molatlhwa alituletea maziwa ya mgando katika bakuli mbili, na ya kwanza hakunipa mimi.

Mnijulishe ni lipi katika haya lilihitaji miaka tisa. Namba ilikuwa katika droo yangu. Karatasi ya wageni ilikuwa katika jalada, ghorofa ya pili. Uhamisho ulikuwa kichwani mwa mzee mmoja. Umbali kati ya droo na jalada ni hatua mia moja na arobaini, nimezihesabu. Kulikosekana mtu wa kuuliza, na mtu pekee aliyeuliza tulikuwa tumemnyamazisha kwa sentensi niliyoiandika mimi.

Nikamaliza kazi yangu kama nilivyopaswa kuimaliza mwanzo. Nilikwenda mahali pa kumi na tano nikiwa na hadubini ndogo ya mkononi. Ubavuni mwa chuma 3862, karibu na mshono wa Rra Galebowe, nilisugua eneo la ukubwa wa sarafu moja ya thebe hamsini, nikalipaka tindikali, nikapiga magoti. Mipaka ya punje ni safi. Hakuna utando. Sitasema zaidi ya hapo: chuma hicho kimekuwa kikibeba treni tupu, na sijui kingefanya nini chini ya treni zilizojaa. Ninachojua ni kwamba aliyekichomelea hakukiunguza.

Kisha nilikwenda kwa Mma Kesupile. Nimeomba ruhusa yake kuyasema haya, naye amenipa, ila kanionya nisiyapambe. Nilimkuta akichambua maharage.

"Umekuja kuniambia nimsamehe?"

"Hapana, Mma. Nimekuja kukuambia kwamba niliandika vibaya."

"Uliandika vibaya vipi?"

"Chuma kilichomuua mumeo kiliharibiwa na watu wengine. Galebowe hakukigusa."

Aliendelea na maharage yake.

"Ulijua lini?"

"Namba nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Maana yake nimeijua mwaka jana."

"Kwa hiyo huyu ninayepishana naye bombani miaka yote hii..."

"Ndiyo, Mma."

"Na wewe nimekuwa nikikusalimu."

"Ndiyo, Mma. Kila Jumapili."

Alimaliza bakuli zima, akaliweka kando. "Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti. Lakini usiniombe nisimame, wala usiniombe nimshike mtu mkono mbele ya watu. Hayo nitayafanya siku nitakayotaka, uwanjani kwangu."

Mma Kesupile, sikuombi. Umekuja, na nimeona watu wengi wakigeuka ulipoingia. Rra Galebowe naye amenituma jambo moja. Amesema nisitoe pole kwa niaba yake, kwa kuwa alikwishaitoa mwenyewe, siku ya mazishi, akiwa amesimama nje ya ua ambapo hukumwona. Kwa hiyo pole ninayoitoa leo ni yangu. Nilikupa jina la mtu wa kumchukia, na halikuwa jina sahihi.

Sasa nasoma. Ripoti ya zamani, ukurasa wa tatu, ilisema: "Chuma cha mahali pa saba kilizidishiwa joto wakati wa kuchomelewa. Mchomeleaji: O. Galebowe."

Ripoti mpya, ukurasa wa tatu, inasema: "Chuma namba 4417 kilizidishiwa joto kwa kupashwa moto kabla ya kuchomelewa, Julai, mahali pa kumi na tano, na kikosi cha muda. Kilihamishiwa mahali pa saba Oktoba bila kuandikwa. Oteng Galebowe hakukichomelea chuma hiki, hakukihamisha, na katika kikao cha uchunguzi alisema hivyo. Makosa ya ripoti ya kwanza ni ya mwandishi wake, G. Ramotlhwa. Inapendekezwa kwamba kuanzia sasa madaftari yaandike namba ya chuma pamoja na mahali."

Huo ndio mwisho wa kusoma.

Rra Sekgwama, namaliza na wewe. Kanuni zetu zinataka ripoti ya aina hii iwe na saini mbili ndipo iingie kwenye jalada na kuiondoa ile ya zamani. Ya mkuu wa maabara, na ya Meneja Mkuu. Yangu niliiweka leo saa mbili asubuhi. Najua mwanasheria wa kampuni amekushauri usubiri, kwa kuwa saini huweza kufungua maswali mengine. Ushauri huo ni wa kazi yake, simlaumu. Lakini wewe hukuwepo hapa miaka tisa iliyopita. Hakuna mstari hata mmoja katika kurasa hizi unaokutaja. Unachoombwa kuthibitisha ni kwamba chuma kilikuwa na namba, na namba yenyewe ni ipi. Kipande kiko maabara. Funguo ninazo hapa. Ukitaka kukiona kabla ya kusaini, tutakwenda pamoja, ni mwendo wa dakika nne.

Leo asubuhi nilimwambia Rra Galebowe kwamba huenda saini ya pili ikaja baada ya sherehe, labda wiki ijayo, labda baada ya kikao cha bodi. Nilimuuliza kama angekubali kupokea cheti kwanza, ili watu waliosafiri kutoka Serowe wasirudi bila kuona kitu. Aliangalia kile kiganja chake cha kushoto, akasema, "Wape chakula wale, Mma. Cheti na saini vitoke siku moja. Mimi nitakaa."

Ripoti naiweka hapa mezani, kando ya cheti. Nimeifungua ukurasa wa mwisho, na kalamu iko juu yake.

Kgosi, Mheshimiwa Diwani, wageni na wenzangu, nawashukuru kwa kutulia mkanisikiliza mpaka neno la mwisho. Wapishi wamenitumia habari kwamba nyama imeiva tangu saa sita. Naomba tumsubiri Rra Sekgwama kidogo.